Tarishi wa Mifuko ya Mkate

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni vidole viwili. Asubuhi niliyohamia mtaani, nikiwa bado na godoro begani, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa kichwani alipita mbele yangu akiwa amebana ncha ya mfuko wa mkate kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mkono aliunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyemshika panya mfu mkiani. Mfuko wenyewe ulikuwa mtupu, umepakaa tope. Hakuutazama. Kidevu alikiinua, midomo aliibana, na watu wakampisha njia.

Alivuka barabara akaingia katika duka la mikate. Mlango ulikuwa wazi, nikaona yote. Alipita pembeni ya foleni bila kuomba radhi, akaulaza ule mfuko juu ya kaunta, katikati ya mikate iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Mzigo wenu," alisema. "Nimeukuta unazurura mlangoni kwangu. Nadhani umepotea njia."

Kisha akatoka, na alipofika nje akavifuta vile vidole viwili kwenye ukuta wa duka lile lile.

Mtaa mzima ulimwita Tarishi, kwa sababu alifanya kazi ya tarishi: kufikisha vitu kwa wenyewe. Kwa kazi halisi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na mapazia, akapunguza viuno vya suruali, na kuongeza viuno vya suruali zile zile mwaka uliofuata. Chumba chake kilipakana na changu. Alikigawa kwa pazia: mbele palikuwa na cherehani na meza kubwa ya kukatia vitambaa, nyuma vitanda viwili. Kimoja kilikuwa chake. Kingine kilikuwa cha mama mkwe wake.

Mumewe alikwisha kufariki, lakini mkwe alibaki. Miguu ya bibi huyo haikuwa na nguvu tena. Ulimi ulikuwa nazo za kutosha watu wawili. Kutwa nzima niliwasikia kupitia ukutani.

"Mkwe, umelala?"

"Nitalalaje? Cherehani yako inanguruma kama tumbo la mwenye njaa."

"Basi nitafute kazi ya kuuza pamba, isiyo na kelele."

"Utauza pamba wewe? Kwa uso huo? Wateja watadhani wamekuja kuzikwa."

Walipendana hivyo, kwa kutukanana taratibu kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa inazimwa, na hakuna aliyethubutu kuingia kati yao.

Mtaa wetu una mteremko, na chumba chao kiko chini kabisa. Mfereji wa maji ya mvua unapita mbele ya mlango wao, umefunikwa kwa mifuniko ya zege yenye mapengo katikati. Kila kilichotupwa juu kilifika kwao: mifuko, mirija, vikombe vya juisi, vipande vya kamba, na hasa mifuko ya mkate, kwa sababu duka la mikate ndilo lililokuwa likiuza kuliko yote. Katika msimu wa mvua uliopita mfereji ulijaa, maji yakakosa pa kwenda, yakaingia ndani. Tarishi alimbeba mkwe wake akampandisha juu ya meza ya kukatia, akamkalisha katikati ya mashati ya shule mpaka maji yalipokauka. Bibi mwenyewe aliligeuza tukio hilo kuwa mzaha. "Nilikaa mezani kama keki ya harusi," alikuwa akisema, "ila bwana harusi hakutokea."

Wifi yake Tarishi, binti wa yule bibi, hakucheka. Alifika siku ile akamkuta mama yake mezani, miguu inaning'inia juu ya maji machafu.

"Wifi, mama yangu si jora la kitambaa," alisema. "Maji yakiingia tena humu, ninamchukua. Sitaki mjadala."

Nyumba yake ilikuwa na vigae, chumba cha wageni, na televisheni ambayo mtu angeweza kuitazama akiwa amelala. Bibi alikijua chumba hicho. Aliwahi kukaa humo, peke yake kutwa nzima, na kila aliyeingia alimwongelesha kwa sauti ya chini kama mgonjwa mahututi.

"Kule nitakufa kwa amani," aliniambia. "Na mimi amani siipendi."

Kwa hiyo kila mfuko uliotupwa mtaani ulikuwa ukimsogeza yule bibi kuelekea kwenye vigae. Tarishi alilijua hilo. Waliokuwa juu ya mteremko hawakulijua, na kama wangelijua, sina hakika kwamba lingewazuia kutupa.

Wakubwa wa biashara wa mtaa wetu walikuwa na chama chao, na mwenyekiti wa chama alikuwa mwenye duka lile lile la mikate, ambaye sote tulimwita Mwoka Mikate. Alikuwa mtu mnene, mwenye viatu vyeupe vilivyotembea kutoka kwenye gari mpaka dukani na kutoka dukani mpaka kwenye gari. Baada ya mvua zile chama kiliandaa Siku ya Usafi. Sijapata kuona shughuli chafu kama ile. Walikuja na mafagio mapya yaliyokuwa bado na lebo za dukani. Walivaa fulana zilizochapwa maneno ya usafi, na kila fulana ilitoka ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nyuma yao lilining'inia bango pana lenye picha ya Mwenyekiti akitabasamu, na chini ya kidevu chake maneno: MTAA SAFI NI WAJIBU WANGU. Mwenyekiti alifagia kipande cha barabara ambacho wafanyakazi wake walikwisha kukifagia alfajiri, kwa hiyo fagio lake halikukutana na kitu chochote cha kulisumbua. Akahutubia. Akasema uchafu ni adui wa maendeleo. Wakapigwa picha wameinama, wakapigwa picha wameinuka. Walifagia mpaka mpiga picha alipofunga begi lake, wakanywa maji, wakaliacha bango likipigwa na upepo, na chupa wakaziacha zimepangwa ukingoni mwa mfereji kama askari wa gwaride.

Tarishi alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Mwenyekiti!" aliita. "Umesahau askari wako."

Mwoka Mikate alizitazama chupa, na mifuko ya fulana iliyokuwa inaanza kupeperuka. "Aa, mama, hizo zisikusumbue. Vijana watakuja kuziondoa."

"Vijana gani?"

"Si wapo wale wa kujitolea?"

Tulikuwepo, ni kweli. Kikundi chetu cha kujitolea kiliongozwa na mwalimu mstaafu, mtu mpole aliyeamini kwamba ukifanya jema kwa muda mrefu bila kulalamika, watu wataona haya. Kila Jumamosi tulifagia, tukajaza magunia, tukayapeleka jalalani kwa mkokoteni. Kila Jumatatu mtaa ulikuwa kama hatukuwahi kuzaliwa. Watu walituona tukiinama, na badala ya kuona haya walitutupia vingine karibu na miguu, ili kuturahisishia kazi.

Tarishi hakutusifu hata siku moja. Alituita mayaya.

"Mnafuta tu," alisema Jumamosi moja, sindano ikiwa kati ya meno. "Bwana mkubwa anajinyea, nyinyi mnafuta. Anajinyea, mnafuta. Sasa yeye aache kwa nini? Ana mayaya wa bure."

"Mama, tunatoa mfano kwa jamii," Mwalimu alisema.

"Jamii imeuona mfano wenu. Imeupenda. Inasema, wafagiaji wapo, tupeni." Akaitoa sindano mdomoni. "Mwalimu wangu, mtoto akisahau daftari darasani ulikuwa unafanya nini? Ulilipeleka jalalani?"

"Nilisoma jina juu yake, nikampa mwenyewe."

"Haya. Na hii imeandikwa jina."

Akauinua mfuko wa mkate kwa vidole vyake viwili. Herufi za bluu, jina la duka, na picha ya ngano chini yake.

Mwalimu aliutazama kwa muda, na nikaona aibu ya mtu mpole ikigeuka kuwa kitu kingine. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na magunia mengi madogo badala ya machache makubwa. Kila duka gunia lake. Hatukwenda jalalani. Tulikwenda kwa wenyewe, tukabisha hodi kwa adabu, tukasema, "Shikamoo, tumewaletea mali yenu."

Nakiri nilitazamia ugomvi kila mlango, lakini haukuwepo. Muuza juisi aliona haya mpaka masikio. Alirudi kwenye glasi za kuosha, na mlangoni akaning'iniza kapu la kurudishia vikombe kwa wale wanaotaka kunywa njiani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye sote tulimwita Nondo kwa unene wa vidole vyake, alicheka sana. "Leteni, leteni! Mifuko ya saruji na kamba hizi mimi ninafungia mizigo." Akaweka pipa mlangoni, akamkaripia kila mteja aliyelipita. Kumbe ilikuwa kazi ndogo kiasi hicho. Kapu moja, pipa moja, na mtu wa kukaripia.

Mwoka Mikate peke yake ndiye aliyeona ametukanwa. Tuliporudisha gunia lake alilipokea kwa tabasamu la kwenye bango, na tulipogeuka akalitupa uani, na upepo ukaleta kila kitu kwa Tarishi kabla ya jioni. Tarishi akakirudisha. Ikawa kila asubuhi, wateja wakiwa wengi zaidi, vidole viwili vinaingia dukani.

Basi Mwenyekiti akafikiri. Mtu mwenye tanuri la umeme, magari ya kusambaza mikate, wafanyakazi na kiti cha chama, alikaa chini akafikiri namna ya kulimaliza tatizo la mifuko yake. Asubuhi moja mikate ikatoka ndani ya mifuko myeupe, haina hata herufi moja. Herufi za bluu zimeondoka, ngano imeondoka. Aliwaambia wateja kwamba huo ni mwonekano mpya wa kisasa. Mfuko ulikuwa ule ule, uliziba mfereji ule ule. Alichokisafisha ni jina lake tu. Na alijipongeza! Nilimwona mlangoni pake akimtazama Tarishi ng'ambo ya barabara, mikono tumboni, akisubiri.

Tarishi aliokota mfuko mweupe wa kwanza akaingia nao ndani. Nilikuwepo, nimepeleka suruali yangu ya usaili ipunguzwe.

"Lete nione," mkwe alisema kitandani. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku. "Ndiyo kusema mtoto amekanwa na baba yake."

"Amekanwa, mkwe. Mchana kweupe."

"Baba mwenyewe mtu mzima? Na tumbo lile?"

"Na tumbo lile."

"Basi mpelekee hivyo hivyo. Na akikana mmoja, mpelekee na wengine wasio na baba. Atawalea wote."

Tarishi aliacha kukanyaga cherehani. Akamtazama mkwe wake kama mtu aliyeona kitambaa kizuri dukani. Kisha akacheka, na hilo lilikuwa jambo la nadra kiasi kwamba bibi alidhani amekabwa na sindano.

Kuanzia Jumamosi ile, kila taka isiyo na jina ilikuwa ya Mwoka Mikate. Mifuko ya bucha iliyokuwa bado na damu, mifuko ya mboga, mifuko ya viatu, mifuko ambayo hakuna ajuaye ilibeba nini. Tulijaza magunia, Tarishi akatangulia, na sisi tukafuata nyuma kama wapambe. Duka lilikuwa limejaa.

"Hii si yangu!" Mwoka Mikate alipiga kelele. "Hii ya nyama! Hebu nusa, mama, inanuka damu!"

"Jina liko wapi?"

"Haina jina!"

"Basi ni yako. Wengine wote hapa mtaani wana majina. Asiye na jina ni wewe peke yako."

"Lakini kila mtu anaweza kuona kwamba mimi nauza mikate!"

"Kwenye mfuko haijaandikwa."

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema taratibu, "Pokea tu, Mwenyekiti. Ukoo umekua." Duka likaangua kicheko. Mwoka Mikate akamgeukia Mwalimu, akidhani kwa mtu mpole atapata msaada.

"Mwalimu, wewe ni msomi. Huu ni uungwana?"

"Bwana, sisi ni wabebaji tu," Mwalimu alisema, na sijawahi kumwona mwenye furaha namna ile. "Tupe alama yoyote ya kutofautisha ya kwako na ya wenzio, tutaiheshimu."

Wafanyabiashara wenzake, wanachama wa chama chake mwenyewe, hawakumtetea. Mwenye bucha aliacha hata kuitafuta mifuko yake. Akawaelekeza watu kwa Mwenyekiti. Harufu ya damu na harufu ya mkate mpya hazikupatana, na wateja wakaanza kununulia barabara ya pili. Hapo ndipo heshima ilipomrudia. Jina likarejea kwenye mifuko, pande zote mbili, kubwa kuliko zamani, na ngano zikawa tatu.

Na alipokuwa hana tena pa kujificha, alifanya mambo ambayo angeweza kuyafanya siku ya kwanza bila kuaibishwa na mtu. Aliweka pipa mlangoni. Aliwapa mkate bila mfuko wale waliokuja na vikapu vyao. Tarishi akamshonea vifuko vya kitambaa kutokana na mabaki ya sare na mapazia, akatarizi jina la duka kwa uzi mwekundu juu ya kila kimoja. "Sitaki mtoto mwingine akanwe," alisema. Mwoka Mikate alivinunua vyote kwa uso wa mtu anayemeza dawa, na vikapendwa. Siku hizi anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake.

Ilibaki kuufungua mfereji wenyewe. Nondo alitoa mitaimbo na koleo. Mwoka Mikate alitoa gari moja la kubebea tope, huku akinung'unika kwamba litanuka, na lilinuka kweli. Sisi wa kujitolea tuliinua mifuniko ya zege kuanzia juu mpaka chini. Tope lilikuwa limejaa, lakini lililegea kila mahali isipokuwa mbele ya mlango wa Tarishi. Pale koleo liligonga kitu kilichojikunja kama mkeka, kikajaza mfereji upande hadi upande. Tulivuta watu wanne. Kilipotoka, Nondo alikimwagia ndoo ya maji.

Kwanza yalionekana meno. Halafu mashavu. Halafu, chini ya kidevu, maneno: MTAA SAFI NI WAJIBU WANGU.

Mkwe alikuwa amekalishwa nje juu ya kiti ili aone kazi. Aliinama, akakaza macho.

"Ala! Kumbe Mwenyekiti alikuwa anakaa kwetu muda wote huu," alisema. "Na kodi halipi."

Mwoka Mikate mwenyewe alikuwa amesimama pale, viatu vyeupe vimeng'aa kando ya sura yake iliyolala matopeni. Nilitamani aone haya kimya kimya, lakini mtu wa aina yake hawezi kunyamaza palipo na watu. Akainua mkono kama yuko jukwaani.

"Jamani, mbele yenu ninaahidi. Maji hayataingia tena katika chumba hiki. Yakiingia, nitakuja mimi mwenyewe kuyachota kwa ndoo."

"Na viatu hivyo hivyo?" Tarishi aliuliza.

Akavitazama. "Hivi hivi."

"Mmesikia," Tarishi aliuambia mtaa, akarudi kwenye cherehani yake.

Nondo aliunganisha wavu wa chuma akauweka ndani ya mfereji, kule juu ya mteremko, ili kitakachotupwa kizuiwe huko huko kwa watupaji. Sisi tunausafisha kwa zamu, pamoja na wafanyakazi wa maduka, na Muuza Juisi ameomba zamu mbili. Watu bado hutupa. Lakini sasa wanageuka kwanza kuangalia kama Tarishi anawaona, na huo kwa watu wa mtaa huu ni ustaarabu mkubwa.

Leo tangu asubuhi mbingu imekuwa nyeusi. Wifi amekuja na gari, ameliegesha juu ya mteremko mahali pakavu, na sanduku la nguo za mama yake tayari liko kwenye kiti cha nyuma. Alilifungasha mwenyewe bila kumuuliza mtu. Amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mfereji haujawahi kupitisha mvua kubwa tangu tuufungue. Hakuna ajuaye kama utaimudu.

Tarishi alitaka kumpandisha mkwe wake mezani mapema. Bibi amekataa katakata. Ameomba awekwe kwenye kiti, miguu mitupu juu ya sakafu, ili awe wa kwanza kujua. Katikati ya chumba Tarishi ameweka ndoo tupu na kata juu yake, akaviweka vizuri vionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara Mwoka Mikate amesimama barazani pake, anatazama juu, kisha anatazama viatu vyake, kisha anatazama juu tena. Nondo amekaa kwenye pipa lake lililogeuzwa. Mwalimu na wenzetu wako kwenye wavu na reki mkononi. Watu ambao hawajapata kuokota hata kijiti wametoka milangoni, kwa sababu kutazama ni kazi wanayoiweza.

Upepo umeanza. Umepita barabarani kutoka juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa haukubeba chochote isipokuwa vumbi.

"Inakuja?" bibi anauliza.

"Bado, mkwe. Inajikusanya."

"Iambie ifanye haraka. Miguu inapata baridi, na yule bwana ng'ambo asije akapata muda wa kubadilisha viatu."